Niko kwa Majani

Watu wakimtaja siku hizi wanashusha sauti, kama mtu ametaja ugonjwa wa jirani. Mimi nataka kumwandika na sauti ya kawaida. Sitaanza na alizaliwa wapi na ukoo wake ni gani, hiyo watasoma watu wa mazishi. Mimi nilimjua miaka minne pale shuleni, na baada ya hapo nimemjua zaidi ata kama nimemwona mara moja tu. Nitamwita Hedimasta vile tulikuwa tunamwita, ingawa sasa si hedimasta wa kitu chochote.

Jambo moja niliseme mapema ndio nisizunguke. Matokeo yangu ya Form Four yalifutwa, pamoja na ya darasa lote. Ilisemekana tuliiba mtihani. Mimi sikuiba. Kuna mtu mmoja tu nilikuwa naye ile saa wengine walikuwa wanaiba, na huyo mtu ni yeye.

Shule yetu iko upande wa Kimulot, pale majani chai yanaishia na msitu unaanza. Asubuhi ni ukungu tupu. Unapanda kilima huoni ata mkono wako, halafu unafika karibu na geti unaona mtu amesimama na koti ya rangi ya matope na gambuti, na miguu yako inaanza kukimbia yenyewe. Alikuwa anafika kabla ya mtu yeyote, ata kabla ya mpishi. Hizo gambuti alivaa mpaka saa nne, akabadilisha viatu nyuma ya mlango wa ofisi, na ukipita ungeziona zimesimama wima kama mtu ametoka ndani yake.

Ukichelewa hakukupiga. Shule zingine zote huku ni fimbo, mtu anarudi nyumbani hawezi kukaa kwa kiti. Yeye alikuwa anakushika begani, mnashuka pole pole mpaka chini kwa barabara pale gari ya maziwa husimama, halafu anasema, "Sasa kuja shule." Mnapanda tena pamoja. Shule yote inaangalia kwa madirisha, wewe na Hedimasta mnapanda kilima kizima bila neno. Nilitembezwa mara moja, Form One. Sikurudia.

Kitu cha ajabu ni vile hiyo tabia ilienea bila mtu kuagizwa. Mwalimu wa kemia alitoka shule nyingine akaja na fimbo yake ya mti wa chai, amechonga vizuri. Baada ya term moja alikuwa anaitumia kuonyesha vitu kwa ubao. Maprifekti nao wakaanza kutembeza watu wa Form One mpaka barabarani na kurudi. Stoo ya mahindi haikuwa na kufuli. Si eti tulikuwa malaika. Kimani, mtoto wa mama wa duka pale senta, alikuwa anasema, "Hapa ukiiba mahindi utaiba na mkono, lakini hiyo uso yako utaipeleka wapi?"

Alikuwa na misemo, na alirudia mpaka ikachosha. Shule ilikuwa na shamba la chai nyuma ya madarasa, na kila Ijumaa tulichuma. Alipita kwa kila kikapu, anatia mkono mpaka chini kabisa, pale watu huficha majani magumu. "Majani mawili na kichipukizi," anasema. "Jani la tatu ni tamaa." Akilipata hilo la tatu analishika juu kila mtu aone, halafu anakupatia mkononi ukae nalo siku nzima. Msichana mmoja alikaa na jani lake ata kanisani, alikuwa anaogopa kulitupa.

Lakini kile kitu shule yetu ilijulikana nacho ni mtihani. Ile mitihani yetu ya ndani, ya mwisho wa term, hatukuwa na msimamizi. Alikuja mwenyewe na karatasi, akagawa, akaangalia saa yake iliyokuwa imefungwa na kamba ya kiatu, akasema maneno yale yale kila mwaka: "Niko kwa majani. Mkimaliza gongeni kengele." Kengele ilikuwa rimu ya trekta. Halafu anatoka, anaacha mlango wazi. Kwa dirisha ulikuwa unaona kofia yake juu ya chai, na mgongo wake. Masaa mawili alikuwa anachuma na ametupa mgongo, wala hakugeuka.

Mara ya kwanza nilidhani ni mtego. Jamaa wa nyuma yangu akanong'ona, "Namba tatu?" Hakuna mtu alimjibu. Akanong'ona tena. Msichana wa mbele akageuka akamwangalia tu, vile unaangalia mtu amekojoa kwa kisima. Basi akanyamaza. Ilipofika saa ya pili niliona kitu ambacho sijawahi kuona primary: hakuna mtu alikuwa amefunika karatasi yake na mkono. Watu arobaini, karatasi ziko wazi kama nguo kwa nyasi.

Siku ya wazazi baba mmoja alimuuliza kama haogopi watoto wataibiana.

"Ng'ombe ndio huchungwa," Hedimasta akasema. "Mtoto ukimchunga atajifunza kitu kimoja tu. Atajifunza ni saa ngapi huangalii."

Wazazi wakacheka. Baba yangu alirudia hilo neno kanisani wiki tatu. Yeye ni mzee wa kanisa, akipenda kitu atakimaliza.

Kuna mwaka mmoja ulikuwa mbaya. Wale wa umri wangu wanajua ni gani, baada ya uchaguzi watu wa makabila mengine waliambiwa warudi kwao, na wengine walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Mama Kimani akafunga duka, wakaenda Nakuru na Kimani. Tulikuwa Form Two. Jumatatu Hedimasta alikuja darasani kusoma rejista mwenyewe, kitu hakuwa anafanya. Akafika kwa jina la Kimani akalisoma. Kimya. Akangoja, si kidogo, mpaka tukaanza kuangalia meza. Halafu akasema, "Hayuko," akaendelea. Jumanne tena. Term yote, kila asubuhi, alisoma hilo jina na akangoja. Naibu wake alimwambia mbele yetu, "Mwalimu, si tuondoe tu? Hawa wameenda."

"Nani ametoa ruhusa?" akauliza.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kutokuja shule."

Watu wa senta walimsema sana. Wengine walitupa mawe kwa mabati ya nyumba yake. Asubuhi alikuwa geti na gambuti zake. Kimani aliporudi mwaka uliofuata, jina lilisomwa, na mtu akasema "Niko." Hedimasta hakuinua macho ata. Aliweka alama tu.

Sasa nisipoandika na hii nyingine nitakuwa mwongo. Huyo mtu ambaye hakuogopa mawe aliogopa wakubwa. Nilishindwa kuelewa na bado nashindwa. Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa tajiri, ng'ombe za gredi, gari lake ulisikia kutoka ng'ambo ya mto. Likiingia tu, Hedimasta alikuwa anakuwa mfupi. Sauti inapanda juu kama ya mtoto. "Ndio mzee. Ni kweli mzee." Siku moja mvua ya mawe ilitupata paredi, na Mwenyekiti alikuwa anaongea, na haachi. Tulisimama tukapigwa. Hedimasta alikuwa amemshikilia mwavuli, yeye mwenyewe yuko nje ya huo mwavuli, mawe yanaruka kwa kichwa chake na anatabasamu. Wasichana wa Form One walilia. Mimi nilikasirika, lakini nilimkasirikia Mwenyekiti. Nilikuwa mjinga. Ningeangalia vizuri yule mwenye kushika mwavuli.

Mwaka wetu wa Form Four, binti wa Mwenyekiti alikuwa darasa letu. Hakuwa mbaya, hakuwa tu na kichwa cha hesabu. Na Mwenyekiti alikuwa amesema waziwazi kwa mkutano kwamba shule isipopanda mwaka huu, hedimasta mpya anajulikana ni nani. Tulisikia sote, mikutano yao walikuwa wanafanyia chini ya dirisha letu.

Siku moja kabla ya karatasi ya hesabu, mtihani wenyewe wa taifa, alikuja darasani saa tatu asubuhi. Tulikuwa tunasoma kimya. Alikuwa na bahasha. Akatoa karatasi moja, akaiweka kwa meza ya mwalimu, imelala kifudifudi. Aliangalia saa yake ya kamba. Ninakumbuka alikohoa.

"Niko kwa majani," akasema. "Mkimaliza gongeni kengele."

Akatoka. Akaacha mlango wazi.

Tulifikiri ni majaribio. Binti wa Mwenyekiti akasimama, akaigeuza, na hakushangaa, hapo ndio nilijua imetoka kwa baba yake. Akaanza kuandika ubaoni. Maswali na majibu yake, mtu alikuwa ameshafanya yote. Hakuna mtu aliuliza. Kalamu zilianza kulia kwa karatasi kama mvua ikianza kwa mabati.

Nikamshika Kimani mkono. "Wewe unaandika nini?"

"Naandika kile kiko ubaoni."

"Kimani, hii ni ya kesho."

"Nimeona."

"Sasa?"

Akaniangalia kama mimi ndio mgonjwa. "Nani ameiweka hapo? Si ni yeye? Huyo mtu alisoma jina langu term nzima sina ata kitanda. Akiniambia niruke mtoni nitauliza tu ni upande gani." Akainama akaendelea.

Nilitoka. Sijui kama ni ujasiri, nadhani ni hasira. Nilipita katikati ya chai mpaka nikamfikia. Alikuwa anachuma na mgongo kwa darasa, vile vile.

"Mwalimu, ile karatasi ni ya kesho."

"Rudi darasani, Chelangat."

"Siwezi."

Alichuma. Akachuma tena. Hakunigeukia. Halafu akavua kikapu chake mgongoni, akakiweka mbele yangu. "Basi chuma," akasema.

Nikachuma. Yeye alikuwa anaweka yake kwa mfuko wa koti. Labda ni saa moja, labda zaidi, mpaka rimu ikagongwa. Kwa miaka minne hiyo kengele ilikuwa inamaanisha tumemaliza na hatukuibiana. Alisimama akiisikiliza mpaka ikanyamaza kabisa, halafu akachukua kikapu.

Aliyefanya yale majibu alikosea swali moja, na darasa lote likakosea hilo swali kwa njia moja, mpaka kwa nukta. Matokeo yalifutwa ya shule nzima, pamoja na yangu. Watu wa elimu walikuja na gari la serikali. Sisi wanafunzi hatukuulizwa, tulikuwa tushaenda nyumbani. Yeye aliulizwa. Naibu ndiye alikuja kusema kwa senta vile alijibu: "Mimi nilikuwa kwa majani. Kile kilitokea darasani sikukijua." Wakauliza mpishi, wakauliza bawabu, wakauliza wazazi. Wote wakasema ni kweli, huyu akitoa karatasi huwa kwa majani, ni desturi yake. Akatolewa kwa uzembe. Wizi ukabaki wetu.

Ile kitu alitufundisha nayo kuwa watu, ndio hiyo alijifichia ndani.

Shule sasa ukipita utaona stoo ina kufuli mbili. Walimu wote wana fimbo, ata yule wa kemia amerudia yake. Geti asubuhi hakuna mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba shule nzima inaweza kuwa imetundikwa kwa msumari mmoja.

Baba yangu hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alitoka kwa kiti chake cha mbele kanisani akaanza kukaa nyuma karibu na mlango. Nilimweleza mara nyingi kwamba nilikuwa kwa chai na Hedimasta. Akasema, "Wezi wote walikuwa mahali pengine." Halafu siku moja, nimemsumbua sana, akaweka kikombe chini. "Chelangat, mlete huyo mwalimu. Asimame hapa mlangoni aniambie ulikuwa na yeye. Sitaki barua. Akisema, nitaamini, na nitasimama kanisani niseme."

Ilinichukua karibu miaka miwili kumpata. Alikuwa amerudi kwao upande wa Kaplong. Saa hiyo nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha primary karibu na nyumbani, bila cheti, juu mwalimu wa Darasa la Sita alikuwa mgonjwa na hawakuwa na mtu. Jumamosi moja nikaenda. Mke wake aliniambia amepeleka majani. Nikamkuta kwa kituo cha majani, kwa laini ya kupimiwa, kikapu mgongoni, koti ile ile. Amekonda.

"Chelangat," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umekuwa mrefu."

"Chamgei, Mwalimu," nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Chamgei mising. Nyumbani?"

"Wazima. Nimekuja unisaidie na neno moja tu."

Nikamwambia la baba. Nilisema haraka haraka, watu walikuwa karibu. Yeye alikuwa anaangalia mizani.

"Unakumbuka nilikuwa na wewe?" nikauliza.

"Nakumbuka. Ulichuma vibaya. Ulitia majani magumu."

Nilisikia kama mtu wa kiu amepewa maji. "Basi twende. Ata leo. Utasema hilo tu, halafu nitakurudisha mpaka stendi."

Laini ikasonga, tukasonga nayo.

"Nikimwambia baba yako, atasimama kanisani aseme," akasema. "Wewe umesema hivyo. Na mtu atauliza, huyu mtoto alitoka darasani kukimbia nini? Na mwalimu akamwambia nini? Mimi nilisema sikujua, Chelangat. Nimeandikisha. Uzembe nilitolewa. Ile nyingine nitafungwa. Nina wawili bado wako shule."

"Lakini ni ukweli."

"Ni ukweli."

"Sasa mimi?"

Alivuta kamba ya kikapu begani. "Ungekaa tu na wenzako," akasema.

"Ningekaa ningekuwa mwizi."

"Na ulitoka. Ilikusaidia nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Hiyo ndio siwezi kusahau. Aliuliza vile alikuwa anauliza swali darasani, anakungoja, anataka jibu kweli. Nilisimama hapo na miaka yangu yote ya shule kichwani, mpaka laini ikasonga.

Zamu yake ikafika. Karani ni kijana tu, akaona ni yeye akapunga mkono. "Mwalimu, yako siangaliangi. Weka kwa mizani."

"Mwaga uangalie," akasema.

"Mwalimu, mvua hiyo inakuja."

"Nimesema mwaga."

Mama mmoja nyuma yetu akasema, "Huyu mzee naye. Kila siku lazima tupate somo." Watu wakacheka. Karani akamwaga kikapu kwa meza. Majani yalikuwa mazuri, mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi, meza nzima. Hedimasta akayachambua mwenyewe na vidole, pole pole, mvua ikianza kutudondokea, mpaka akapata moja lenye jani la ziada. Akaliinua juu, watu waone.

"Jani la tatu," akaanza. Halafu macho yake yakanipata. Mkono ulibaki juu kidogo, ukashuka. Akalitia mfukoni.

Nikaenda zangu. Hakuniita.

Nyumbani baba alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Ulimpata?"

Ningesema nimempata na amekataa, hiyo kwake ingekuwa ushahidi wa mwisho. Nikasema, "Sikumpata. Amehama."

"Mm," akasema, na maziwa yakaendelea kulia kwa ndoo. Ni uongo wa kwanza mkubwa nimewahi kumwambia, na ulitoka laini sana, kama mtu aliyefundishwa.

Jumatatu watoto wangu wa Darasa la Sita walikuwa na mtihani wa term. Nilikuwa nimepanga kitambo vile nitafanya. Hakuna chai nyuma ya darasa letu, kuna mahindi tu, lakini nilikuwa nimepanga. Nikagawa karatasi. Nikaangalia saa. Mlango nikauacha wazi, nikafika mpaka hapo na kusimama, na yale maneno yalikuwa mdomoni. Nikarudi nikavuta kiti nikakaa mbele yao.

Kitoto kimoja cha mbele kikainua mkono. "Mwalimu, unatuchunga?"

"Ndio. Andika."

Kikaniangalia kidogo, kikaangalia jirani yake. Halafu kikaweka mkono juu ya karatasi, kikaifunika. Jirani naye akafunika yake. Ikaenda hivyo, dawati kwa dawati, mpaka nyuma.